Ukoo wa mkamwana wangu ulitoka Norway: nianzie wapi kuutafuta?

BibiMwanga (Kigoma)
Wana jukwaa, habari zenu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mwanga. Mwanangu ameoa Mmarekani wa Minnesota, na Desemba wananiletea mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu nasaba naihesabu vizazi sita hadi Heru. Kwa mama yake nina picha moja tu ya simu: ukurasa wa mbele wa Biblia yao ya zamani, wino umefifia, pameandikwa "Ole Larsen Haugen f. 1846". Wanasema alikuwa mkulima, alivuka bahari akiwa kijana. Siku tatu natafuta Haugen mtandaoni, wamejaa kama dagaa wa mwaloni. Sitaki mtoto akue akijua nusu tu ya kwao. Nisaidieni.

MwanaUrambo
Shikamoo Mwalimu. Nimesoma Bergen, haya nimekutana nayo. Haugen usilichukulie kama jina la ukoo. Soma kama majina yetu: Ole wa Lars. Dada yake angeandikwa Larsdatter, yaani binti Lars. Haugen ni shamba walikoishi. Mtu akihamia shamba jingine, jina hilo nalo linabadilika. Sheria ya kila familia kushika jina moja ilikuja 1923. Na Haugen maana yake ni kilima tu, kwa hiyo yapo mashamba kibao ya jina hilo. Hiyo "f." ni kuzaliwa.

Unachohitaji ni usharika aliobatizwa. Ukiupata, ingia Digitalarkivet, hifadhi ya nyaraka ya serikali yao, ni bure. Kuna vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, hata orodha za waliohama usharika. Sensa ya 1865 unaitafuta kwa jina, na iliandika mpaka mifugo.

KaraniTabora
Shikamoo Mwalimu. Usharika huo anza kuutafutia Marekani. Makanisa ya Kilutheri ya Wanorwei kule mara nyingi yaliandika muumini alizaliwa wapi. Sensa yao ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka alioingia nchini. Ya 1890 iache, karibu yote imepotea kwa moto. Na kama alipata ardhi kwa sheria ya 1862, zile ekari 160 za kuishi na kulima miaka 5 ndipo upewe hati, faili lake huwa na karatasi za uraia. Mwombe baba wa mkamwana aulize kwanza kanisa walikozikia wazee wao.

BibiMwanga (Kigoma)
Marahaba wanangu, Mungu awazidishie! Wiki tatu zimepita. Daftari la mazishi la kanisa lao limesema Gol, bonde la Hallingdal. Nikafungua sensa ya 1865, na huyu hapa Ole, yumo kwenye mwaka wake wa 20, mtoto wa Lars. Ng'ombe 2, kondoo 5, mbuzi 3, mbegu za shayiri na viazi. Nimeita majirani waje waone. Ila Lars ameandikwa "husmand". Ndiyo nini?

MwanaUrambo
Ni mtu anayekaa kwenye kipande cha shamba la mwenzie, na mara nyingi analipa kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Kile kipande si chake.

BibiMwanga (Kigoma)
Kumbe. Baba hana hata ekari yake, mtoto anasikia habari ya ekari 160. Hapo nimemwelewa Ole.

Sasa nimefika kwenye ubatizo wake. Mwandiko ni wa herufi za zamani za mtindo wa Kijerumani, umelala kama nyasi za mvua. Nimetambua "Lars" na tarehe, basi. Jina la mama yake silisomi, na ndilo ninalolitaka zaidi.

KaraniTabora
Weka picha hapa Mwalimu, tulisome pamoja herufi kwa herufi.