Nagana ya ng'ombe na malale ya mtu: hadubini inaweza kutofautisha?

Mfugaji wa Lambwe
Hamjambo wanajukwaa. Mtamba wangu alidhoofika mwezi uliopita, nywele zikamsimama na machozi yakawa yanamtiririka, ingawa malisho yalikuwa tele. Daktari wa mifugo alimtoboa mshipa wa sikio, akaitazama damu kwa hadubini, akasema ni nagana, ugonjwa uletwao na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, kisha akamdunga sindano. Tunaishi karibu na Mbuga ya Ruma, na wazee wetu wanakumbuka jinsi malale yalivyowalaza watu hapa miaka ya 1980. Nilipomuuliza kama vimelea hivyo humwambukiza mtu, alijibu kwamba hadubini haiwezi kulisema hilo. Kwa nini?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Alikueleza kweli. Aina mbili zinazowasumbua sana ng'ombe, Trypanosoma vivax na Trypanosoma congolense, hazimdhuru mtu, na hata mwendo wao huzitambulisha: vivax hukatiza mbio mbele ya lenzi, congolense hujikokota ikigandamana na chembe nyekundu za damu. Taabu iko kwa Trypanosoma brucei, kwa maana nasaba yake inayoshika wanyama peke yao na ile ya rhodesiense, inayomletea mtu malale, zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Damu yetu ina protini iitwayo APOL1, ambayo hukitoboa kimelea cha brucei mpaka kikafa. Rhodesiense ina jeni moja ya ziada, SRA, iliyotambuliwa na watafiti wa Brussels mwaka 1998, na protini itokanayo na jeni hiyo huikamata APOL1 isifanye kazi. Brucei ya kawaida ilipopandikizwa jeni hiyo maabarani, nayo ikaistahimili damu ya mtu. Jeni moja tu! Kwa hiyo kinachojibu swali lako ni kipimo cha PCR, kinachoisaka jeni yenyewe ndani ya damu.

Mchuuzi wa ng'ombe, Busia
Naomba niongeze la mpakani. Ng'ombe waliouzwa mnadani bila kutibiwa ndio walioifikisha rhodesiense Soroti, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu nilipolielewa jambo hilo, sipakii ng'ombe yeyote ambaye hajadungwa.

Mfugaji wa Lambwe
Ahsanteni. Je, jeni hiyo yaweza kuhamia kwenye vimelea vingine?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Ndiyo, nasaba za brucei zikikutana ndani ya mbung'o mmoja huweza kubadilishana jeni, na majaribio yameonyesha hivyo tangu 1986. Wagonjwa wa mwisho walioambukizwa humu nchini walipatikana 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii Kenya, lakini kwa kuwa jeni hiyo yaweza kuhama, damu ya mifugo ingali inapimwa.

Mtamba wako amekwisha kutibiwa, basi mwombe daktari achukue matone ya damu ya wenzake zizini kwenye karatasi ya chujio, ayakaushe kivulini na kuyapeleka maabara. Majibu yakisema SRA haikuonekana, msiyachukulie kuwa ya mwisho, kwani vimelea vikiwa vichache jeni hiyo hukwepa kipimo. Mtu wa nyumbani akipata homa isiyosikia dawa ya malaria, mpelekeni hospitali na mtaje mbung'o.