Nyaraka za perf, ftrace na bpftrace zinazeeka haraka mno, nyie mnazitunzaje?

pweza_wa_seva:

Wakuu habari za humu. Naomba kuuliza kwa wenye uzoefu maana hili jambo limenikalia kooni. Kazini nimekabidhiwa (sikuomba lol) kutunza nyaraka za vifaa tunavyopimia programu zetu, yaani perf, ftrace na bpftrace (vya Linux, vya kuona programu na mfumo vinafanya nini) na kwenye sevisi tuna OpenTelemetry ya kukusanya taarifa za maombi. Nilichokikuta ni rundo la kurasa kila mtu kaandika kwa wakati wake akaondoka zake.

Mfano ukurasa mmoja unakwambia ingia /sys/kernel/debug/tracing, mwingine unasema /sys/kernel/tracing, mgeni anabaki anashangaa kipi ni kipi. Mwingine unasema "endesha perf record kama kawaida" halafu mtu akiendesha anakataliwa ruhusa, hakuna hata sentensi moja inayosema afanye nini. Kuna skrinshoti za flemu grafu (michoro ya fankisheni zipi zinakula prosesa) zenye majina ya fankisheni ambazo kwenye kodi yetu hazipo tena. Na jedwali refu la flagi za perf ambalo naona kabisa mtu alikopi kutoka man (mwongozo unaokuja na kifaa chenyewe) akapesti.

Ofisini tumegawanyika, kuna anayesema futa vyote watu wasome man, kuna anayesema weka wiki kila mtu arekebishe akiona kosa. Mi naona hakuna hata moja litakalofanya kazi. Swali langu ni hili, kipi tuandike wenyewe na kipi tuwaachie wenye vifaa vyao? Na nitajuaje ukurasa umekufa kabla haujampoteza mtu usiku wa manane prodaksheni ikiwa chini?

kobe_mwepesi:

Karibu kwenye chama mkuu. Anza na hilo jedwali la flagi, futa leo hii usiangalie nyuma. Nyaraka za perf zinakaa ndani ya kodi ya keneli (kiini cha Linux) yenyewe, kwenye tools/perf/Documentation, zimeandikwa kwa AsciiDoc na zinatoka pamoja na toleo. Kwa hiyo man perf-record iliyopo kwenye mashine yako inaongelea perf iliyopo kwenye mashine yako, ukurasa wako wa wiki unaongelea perf ya yule aliyeandika kabla hajahama kazi. Ftrace nayo hivo hivo, ina Documentation/trace/ftrace.rst, ndefu lakini imeandikwa na watu wanaojua wanachokiongelea.

Kuhusu hizo njia mbili, zote zinaweza kuwa sahihi ndo maana watu wanachanganyikiwa. Tracefs, yaani folda ya mafaili ya ftrace, ilianza kujitegemea keneli 4.1 mwaka 2015, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya debugfs (ile /sys/kernel/debug), na ile njia ya zamani imeachwa ili skripti za watu zisivunjike. Andika /sys/kernel/tracing kila mahali, na sehemu moja tu eleza kwamba ukikutana na ile nyingine ni kitu kile kile. Usirudie maelezo hayo kila ukurasa maana siku yakibadilika utaanza kuyasaka.

Nyie muandike kile ambacho man haiwezi kukijua. Sevisi zenu zinakompailiwa vipi, simboli zake (majina ya fankisheni) ziko wapi, nani ana ruhusa ya kuendesha hivi vitu prodaksheni, na siku ya kawaida matokeo yanafananaje. Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau. Mtu akiona asilimia 30 ya sampuli (mara perf ilipochungulia prosesa) ziko kwenye kubana data atajuaje ni kawaida ya sevisi ile au ndo ugonjwa wenyewe? Man haitamwambia.

dada_wa_terminali:

Nakazia alichosema kobe, ila kwenye ruhusa usipite haraka pweza, hapo ndo wageni wengi wanapokwama na ndo ukurasa wako unapotakiwa kuwa mnene.

Kuna faili /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid. Ikiwa 2, ambayo ndo ya kawaida tangu keneli 4.6, mtumiaji asiye na ruhusa anapima programu zake lakini upande wa keneli haoni kitu. Debian na Ubuntu wao wameongeza ukali wao wenyewe juu ya hapo, kwa hiyo mtu anaweza kukataliwa kila kitu. Halafu tangu 5.8 mwaka 2020 kuna CAP_PERFMON, unaweza kumpa mtu uwezo wa kupima bila kumpa mashine nzima. Ukurasa unaosema "weka sudo mbele" na kuishia hapo haujamsaidia mtu, umemfundisha tabia mbaya tu. Na kwenye kontena ni kesi nyingine, seccomp (kichujio cha maombi yanayokwenda kwa keneli) ya kawaida ya Docker inazuia perf_event_open ambayo perf inaitegemea, utahangaika na paranoid mpaka kesho wakati kizuizi kiko kwingine kabisa.

Kitu nilichoona kinasaidia sana ni kuandika maneno ya hitilafu VILE VILE yanavyotoka kwenye skrini, usiyafupishe wala kuyatafsiri. Mtu aliyekwama hatafuti "namna ya kuweka ruhusa", anakopi mstari ulioandikwa mbele yake anaupesti kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama ukurasa wako hauna mstari huo hautapatikana hata ungekuwa mzuri namna gani.

Mfano mwingine ni perf stat kwenye mashine pepe. Unaona task-clock ina namba yake nzuri, context-switches ina namba, halafu cycles na instructions zimeandikwa <not supported>. Mgeni anadhani perf imeharibika, anaanza kuiinstoli upya. Kumbe mashine pepe haijapewa kaunta za prosesa basi. Hiyo ni sentensi mbili kwenye ukurasa, inaokoa mchana mzima wa mtu.

nahodha99:

Hayo yote sawa lakini hamjajibu swali la pili, atajuaje ukurasa umekufa.

Jibu ni kuziendesha. Sisi amri zote zilizo kwenye nyaraka zinatolewa na skripti ndogo na kuendeshwa kwenye CI (mashine zinazofanya majaribio zenyewe), kila wiki na kila mtu anapogusa ukurasa. Shida ya profailingi (kupima programu inatumia muda wapi) ni kwamba huwezi kulinganisha matokeo neno kwa neno kama unavyofanya kwa programu nyingine maana namba haziji sawa mara mbili. Kwa hiyo tumeandika kaprogramu kadogo kana fankisheni mbili, kazi_nzito na kazi_nyepesi, nzito inakula karibu muda wote. Jaribio linaendesha kile kile kilichoandikwa kwenye ukurasa:

`perf record -F 99 -e cpu-clock -g ./mfano`

halafu linauliza mambo mepesi tu. Je perf.data imetokea? Je kazi_nzito iko juu ya kazi_nyepesi kwenye perf report? Je nani kaiita kazi_nzito, inaonekana main au ni [unknown]? Hilo la tatu ndo linakamata mengi. Mtu akibadilisha namna ya kukompaili akaondoa flagi ya -fno-omit-frame-pointer inayobakiza frame pointer (alama ambayo perf inaifuata kujua nani kamwita nani), staki zinakatika, programu inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa na hakuna atakayejua mpaka siku ya shida. Siku hizi Fedora kuanzia 38 na Ubuntu 24.04 wanakompaili vifurushi vyao na frame pointer, lakini kodi yako mwenyewe ni juu yako. Ukitumia --call-graph dwarf ni njia nyingine ila perf.data inakua kubwa mno, na hilo nalo liandikwe.

cpu-clock nimeiweka makusudi sababu mashine za CI nyingi ni pepe, zile cycles alizosema dada hazipo.

mzee_wa_logi:

Nahodha, hiyo CI yenu inaendeshwa kwenye kontena au wapi? Maana kontena linatumia keneli ya mwenyeji wake. Unaweza ukawa na picha tano za kontena za matoleo tofauti ukajiona umejaribu keneli tano, kumbe ni keneli moja tu siku zote. Kwa perf inaweza kupita, ila kwa ftrace na bpftrace huo ni mchezo wa kuigiza.

nahodha99:

Mzee umenikamata pazuri haha. Hapana, kwa bpftrace tunawasha mashine pepe kwa QEMU, moja ina keneli ya zamani kabisa tunayoihudumia na nyingine ina mpya. Zile za katikati tunaziacha. Inachukua muda kidogo ndo maana ni mara moja kwa wiki.

mzee_wa_logi:

Hapo sawa. Basi niongezee upande wa bpftrace maana huko ndo nyaraka zinaoza haraka kuliko zote, na sababu yake inajulikana. Watu wanapenda kuandika mifano ya kprobe. Kprobe inashika fankisheni ya ndani ya keneli na hakuna aliyekuahidi kwamba fankisheni hiyo itabaki na jina lake, au kwamba kompaila haitaimeza ndani ya nyingine. Angalieni kodi ya biosnoop, kifaa cha kufuatilia diski kwenye mkusanyiko wa bcc, kuna mahali inauliza kama keneli ina `__blk_account_io_start`, kama haina inatumia `blk_account_io_start`. Hao ni wenye kifaa wenyewe wanakimbizana na majina, sembuse ukurasa wako wa wiki. Baadaye keneli ikaongezewa tracepoint (sehemu ya kushikia iliyowekwa makusudi ndani ya keneli) ya block_io_start ndo mambo yakatulia kidogo.

Kwa hiyo sheria yangu, mfano kwenye nyaraka utumie tracepoint. Kama hakuna tracepoint na ni lazima kprobe, basi juu ya mfano weka amri ya kuhakikisha kwanza, `bpftrace -l 'kprobe:blk_account*'`, msomaji aone mwenyewe kama kipo kabla hajalaumu vidole vyake.

Na kingine cha kuiga kutoka bcc, kila kifaa kina man yake NA faili la pili linaloishia _example.txt. Ndani yake unakuta amri, matokeo halisi, halafu maelezo ya matokeo hayo, safu hii maana yake hivi na huu mstari wa tatu unaonyesha hivi. Nyaraka nyingi zinakufundisha kuendesha kifaa zinakuacha hapo hapo unatazama namba. Kuendesha ni rahisi jamani, kazi ni kusoma.

chozi_la_mamba:

Hapo kwenye kusoma mzee kanikumbusha flemu grafu. Pweza kama una muda wa kuandika ukurasa mmoja tu vizuri andika huo. Flemu grafu alizianzisha Brendan Gregg mwaka 2011 na mpaka leo watu wanasoma kushoto kwenda kulia wakidhani ni muda unapita! Mpangilio ule ni wa alfabeti tu, upana ndo wingi wa sampuli. Pia waambieni kwamba grafu inayotoka kwa perf record ya kawaida inaonyesha kilichokuwa kinatumia prosesa, sevisi iliyolala ikisubiri hifadhidata haionekani humo. Mtu analeta grafu safi anasema "sevisi haina tatizo" huku ombi moja linachukua sekunde nne. Ukurasa huo hauzeeki hata keneli ibadilike mara ngapi. Na skrinshoti toa, weka SVG inayotengenezwa na ile programu ya mfano ya nahodha, ikibadilika inajitengeneza yenyewe.

Upande wa OpenTelemetry kaa macho na majina ya atributi (lebo zinazobandikwa kwenye taarifa za kila ombi). http.method ilibadilishwa ikawa http.request.method, http.status_code ikawa http.response.status_code, hayo majina mapya yalitangazwa thabiti mwaka 2023. Ubaya wake hakuna kosa linalotokea, dashibodi inakuwa tupu tu, na nyaraka zenu bado zinasema tafuta http.method. Kuna OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN ukiipa http/dup inatuma majina yote mawili wakati mnahama, lakini andikeni lini mtaizima la sivyo itakaa hapo milele mnalipia data mara mbili. Majedwali ya majina msiyaandike kwa mkono, yatolewe kwenye kodi.

pweza_wa_seva:

Wadau nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Jedwali la flagi nimeshafuta na hakuna aliyelia. Ukurasa wa ruhusa naanza nao leo, nitakusanya maneno ya hitilafu kutoka kwenye mazungumzo yetu ya zamani maana watu wameyapesti humo tele. Programu ya mfano ya nahodha pia naiiba kama ilivyo.

Kilichobaki ni kimoja. Timu yetu ni ndogo, QEMU kila wiki sioni kama itakubaliwa saa hizi. Kuna njia ya kuanzia iliyo nyepesi?

dada_wa_terminali:

Ipo. Juu ya kila ukurasa weka mistari mitatu, `uname -r` (toleo la keneli), `perf --version` au `bpftrace --version`, na tarehe ambayo mtu aliendesha amri zote kwa mkono zikakubali. Tarehe ya kuhariri isikudanganye, mtu akisahihisha koma tarehe inakuwa mpya na amri bado mbovu. Halafu nyaraka ziwe repo moja na skripti za kukompaili, na kwenye faili la CODEOWNERS jina la mtunza nyaraka liwe kwenye ile folda ya kukompaili, ili mtu akigusa flagi za kompaila wewe upate taarifa kabla haijaunganishwa.

kobe_mwepesi:

Na wageni. Mtu mpya akiingia mpe ukurasa wa perf kazi ya kwanza aufuate bila kumuuliza mtu, kila anapokwama aandike. Usikae naye, ukikaa naye utamsaidia na shimo halitaonekana.

pweza_wa_seva:

Kuna mmoja anaanza jumatatu, maskini hajui kinachomsubiri 😂