Naomba ushauri: presha ya baba na samaki wa chumvi

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara. Baba ana miaka 61, juzi kapimwa presha imesoma 160/100. Daktari kasema moyo unazidiwa, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na atembee walau dakika 30. Kutembea hana shida, kwenye mikorosho yake huenda kwa miguu. Sigara ameacha, namshukuru Mungu.

Shida ni ng'onda, yaani hao samaki wa chumvi waliokaushwa. Mzee kakulia pwani, ugali wa muhogo bila ng'onda kwake si chakula. Mama huwaloweka usiku kucha, anamwaga maji, lakini nikionja chumvi bado imo.

Mliouguza wazazi wenye presha, mlibadilishaje mboga mzee asisuse? Na tui la nazi nalo tupunguze? Naogopa kumpoteza.