Nesi kumcheka mgonjwa kwa lafudhi: utani au dharau?

Mwana wa Tarime: Wakuu, juzi nimempeleka mama hospitali hapa Dar, katoka Tarime hana hata wiki mbili. Nesi kamuuliza shida nini, mama kasema "mwanangu siwezi kura, kira nikijaribu natapika". Nesi akacheka, "bibi kura tushapiga Oktoba, subiri 2030", benchi zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo anaongea na mimi tu, "mwambie bibi alegeze kitenge", "muulize anapata choo", na akimgeukia mwenyewe anapaza sauti kama anamwita kiziwi. Mama anasikia vizuri, na Kiswahili kafundisha darasa la tatu miaka 31. Nipeleke malalamiko au nakuza mambo?

Sista wa Zamu: Mi ni nesi na hizi nyuzi zenu zimenichosha. Usiku tuko wawili wodi nzima, wengine wamelala chini, ukimtania mgonjwa achangamke unaambiwa una dharau. Na Wakurya kwa utani hamjambo.

Chacha wa Pili: Utani una watani wake sista. Mtani wangu atanitania mpaka msibani sikatai, sio mtu nisiyemjua na mimi nimeshika kimfuko cha kutapikia.

Mkwakwani: Tuseme ukweli lakini, Kiswahili kina wenyewe. Njooni Tanga hata muuza samaki kimenyooka. Watu wa bara jitahidini.

Chacha wa Pili: Kimenyooka wapi? Kwenu huko ni Kimtang'ata, sanifu imetokana na Kiunguja, Mwingereza kachagua 1930.

Pweza Mkavu: 1928, kikao cha Mombasa. 1930 ndo kamati ya lugha ikaanza. Na mie wa Unguja, mwenye hicho Kiswahili mnachogombania, nilikwenda Dar na vidonda vya tumbo daktari akaniuliza nakula nini, nikamwambia mchuzi wa tungule. Kaandika "anatumia dawa za kienyeji" 😂

Mkwakwani: Tungule si hata sisi twasema. Ila tungule ni zile ndogondogo, kubwa ni nyanya.

Pweza Mkavu: Nani kakudanganya? Tungule ni tungule, ndogo kubwa.

Mama Jose: Nyie na tungule zenu. Mleta mada, mama baada ya kuchekwa alisema yote? Bibi yangu walimcheka hivohivo akabaki anaitikia ndio, ndio, hakutaja kuwa ana vidonge vya presha vya kliniki nyingine, wakamuongezea vingine, presha ikashuka akaangukia bafuni.

Sista wa Zamu: Na hapo kosa la nesi liko wapi? Mgonjwa anatakiwa aje na kadi yake.

Chacha wa Pili: Kadi ingeongea lafudhi gani sista?

Mwana wa Tarime: Mama Jose, hakusema. Tumefika nyumbani ndo ananiambia jana yake aliona damu kwenye matapishi. Tunarudi Alhamisi, kaniomba nimwandikie kwenye karatasi ye awe anaitoa tu, hataki kufungua mdomo pale tena.

Mama Jose: Damu?? Alhamisi ya nini, mrudishe leo. Na ukifika useme wewe, kwa sauti.

Mkwakwani: Pole sana kiongozi, mrudishe mama. @Pweza nenda sokoni Mgandini kaombe tungule uone utapewa zipi.