Mjadala: Je, madume yahasiwe bila ganzi kwa kuwa hakuna upasuaji?

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa njia za kuhasi zisizo za upasuaji hazimwagi damu wala hazihitaji kushona, mfugaji yeyote aliyeelekezwa aruhusiwe kuzitumia bila dawa ya kuzuia maumivu. Naziunga mkono njia zenyewe, lakini hoja hiyo naipinga.

Koleo la Burdizzo huponda mirija ya mbegu na mishipa ya damu iliyo juu ya korodani pasipo kuchana ngozi, hata korodani zikasinyaa kwa kukosa damu. Ngozi hubaki nzima, ni kweli, lakini mtazameni ndama aliyetoka kubanwa: hurusha mateke, hulala na kuinuka, kisha husimama ametanua miguu ya nyuma na hataki kutembea. Pete ya mpira inayokazwa juu ya korodani nayo huzikausha kwa majuma kadhaa, na kidonda kinachotokea pale ilipokaza chaweza kupitisha pepopunda. Maumivu hayo ni makubwa, na sindano ya lignokaini, dawa ya ganzi, iliyochomwa mapema ingeyapunguza.

Kwa mbwa ipo zinki glukoneti, dawa ya kuhasi ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2003 kwa madume wa miezi 3 hadi 10, nayo huchomwa ndani ya kila korodani. Kipimo hutegemea upana wa korodani, na dawa ikivuja nje yake, ngozi huweza kuoza, hata mnyama akaishia kwenye upasuaji uleule uliokwepwa. Isitoshe, mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwa muda baada ya sindano, na homoni ya kiume, testosteroni, haikomi yote, hivyo asiahidiwe mtu kwamba mbwa wake ataacha kuzurura.

Chanjo inayozuia GnRH, homoni ya ubongo inayoziamsha korodani kufanya kazi, kwa nguruwe dume, inayotolewa mara mbili kwa kupishana angalau majuma 4, ndiyo naiona ya upole kuliko zote, maana haiharibu korodani moja kwa moja. Hata hivyo, mchomaji akijichoma kwa bahati mbaya, uzazi wake mwenyewe huweza kuathirika.

Najua wataalamu wa mifugo hawafiki kila mahali, na kwa sababu hiyo napendekeza mfugaji afundishwe kuchoma ganzi kabla ya kukabidhiwa koleo. Anayeona sharti hilo ni zito atueleze: dawa ikivuja au kidonda kikioza, nani atawajibika kumtibu mnyama huyo?