Mche wa fedha wa Engelhard wa wakia 10: je, ziada ya asilimia 30 ni halali?

Mgeni wa Houston:
Heshima kwenu, wakuu. Muuzaji mmoja wa sarafu za kale hapa Houston ameniwekea mche wa fedha wa wakia 10 wa Engelhard, kampuni ya zamani ya Marekani ya kusafisha madini, wa aina ile iliyomiminwa kwenye kalibu, wenye nambari yake na alama ya kiwanda, ingawa pembeni umeshaanza kuingia weusi. Anataka asilimia 30 juu ya thamani ya madini yenyewe, ilhali mche mpya wa uzito huohuo na usafi huohuo wa 999 (sehemu 999 za fedha kati ya 1,000) ninaupata kwa ziada ndogo sana. Hoja yake ni kwamba miche hiyo haitengenezwi tena. Je, hoja hiyo inatosha, au nitakuwa nimelipia jina tu?

Mzee wa Mizani:
Mdogo wangu, jina nalo lina wanunuzi wake, lakini hoja ya huyo muuzaji ni nusu tu ya habari. Ni kweli kwamba Engelhard ilinunuliwa na BASF ya Ujerumani mwaka 2006, tena ilikuwa imeshaacha miche midogo ya rejareja miaka mingi kabla ya hapo. Hata wasafishaji madini wa Uingereza, Johnson Matthey, wenye alama ya nyundo mbili zilizopishana, waliiuzia Asahi ya Japani shughuli zao za kusafisha dhahabu na fedha mwaka 2015. Hata hivyo, kitu kuacha kutengenezwa hakukifanyi kiwe adimu, kwa sababu katika miaka ya 1970 na 1980 miche hiyo ilitoka kwa wingi mno. Kilichoipunguza ni tanuri. Januari 1980, ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamehodhi fedha nyingi, wakia moja ilikaribia dola 50, na watu wakakimbilia kuyeyusha vyombo, sarafu na miche bila kujali chapa. Kufikia mwisho wa Machi bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 11. Kwa hiyo, muulize ni kalibu ipi, muhuri upi na mfululizo upi wa nambari, kwa maana huko ndiko wakusanyaji wanakotofautisha mche wa kawaida na ule uliobaki mmojammoja.

Binti Sonara:
Kabla ya kubishania ziada, kaka, hakikisha kwanza kwamba ni fedha, kwa kuwa chapa hii inaghushiwa sana. Wakia ya madini ni gramu 31.1, si 28.35 za wakia ya dukani, hivyo mche wako usipungue gramu 311. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, na uuning'inize mche kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kingo: mizani isome takriban gramu 29.6, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa na mche. Ikisoma 27 na ushei, shuku madini ya risasi. Ikipanda hadi 34, shuku shaba. Na ukishaununua, tafadhali usiusugue hata kidogo. Weusi huo ni salfa ya hewani iliyoushika uso wa fedha, na wakusanyaji wengi wanaupenda, wakati mikwaruzo ya dawa ya kung'arishia haiondoki.

Mzee wa Mizani:
Nimeafiki yote ya Binti Sonara. Ninaongeza jambo moja kuhusu bei: ziada ya mkusanyaji haipandi sambamba na madini. Fedha inapopaa, mche wa kawaida wa Engelhard husogea karibu na bei ya mche mpya, kwa sababu mnunuzi wa siku hiyo anatafuta uzito, na asilimia 30 uliyolipa inaweza kuyeyuka ingawa madini yenyewe yamekupa faida. Tazama minada iliyokwisha kufungwa, wala si bei zinazotangazwa, uone miche ya kalibu hiyohiyo imeuzwa kwa kiasi gani. Ikiwa inauzwa kwa asilimia 10 au 15 juu ya madini, mpe muuzaji kiasi hicho, na akikataa, muachie mche wake.