Naomba ushauri: lamineti ya AC3 au AC4 kwa sebule na korido?

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa sakafu.

Namalizia nyumba maeneo ya Gungu, Kigoma. Bafuni na jikoni nimeweka vigae, huko sina mjadala. Sebule, korido na vyumba vya kulala nataka lamineti (mbao bandia za kutandika sakafuni), maana mama anaishi nasi na sakafu ya baridi inamtesa miguu.

Dukani zipo aina mbili: milimita 8 yenye alama ya AC3, na milimita 12 yenye AC4. Muuzaji anasisitiza unene ndio uimara. Ninavyoelewa, AC inahusu uso kustahimili msuguano (namba ikiwa kubwa, unastahimili zaidi), unene ni habari nyingine. Korido ndiyo inanitia hofu, watoto wanaingia na mchanga miguuni siku nzima.

Kupima unyevu, nilibandika nailoni kwenye saruji kwa selotepu pande zote, nikaiacha usiku kucha. Vyumbani pakavu. Sebuleni, karibu na ukuta wa nyuma, asubuhi nikakuta vijitone vya maji chini ya nailoni na saruji imegeuka nyeusi. Fundi anasema nitandike nailoni nzito chini ya foamu, yatosha. Sijaridhika, kwa sababu kiini cha lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zikinywa maji zinafura na hazirudi.

Je, AC3 vyumbani na AC4 korido itadumu, au korido nitafute AC5? Na huo unyevu wa sebuleni, nailoni inatosha kweli au hapo niweke vigae tu? Aliyetumia lamineti kwenye nyumba ya chini na ikapita msimu wa mvua, tafadhali anieleze imekaaje.